Keki ya Robo Nne: Siagi, Mizani na Moto katika Nyumba za Ufipa



Watu wengi wa huku kwetu hudhani ya kuwa keki ni chakula cha mjini, na ya kuwa mtu asiye na jiko la umeme hawezi kuipika, ila aende Sumbawanga akainunue. Kwa sababu hiyo siku ya ubatizo ikikaribia, au ya Komunyo ya Kwanza, au ya arusi, baba wa nyumba hushika njia kwenda kukopa. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Leo nataka kuwaeleza habari za keki moja ya Wafaransa, ya zamani sana na nyepesi kuifahamu. Vitu vyake ni vinne tu, navyo vyote vyapatikana hapa Kasesya. Walakini kabla ya kueleza namna ya kuipika, yanipasa kwanza niseme jinsi ilivyotuharibikia sisi wenyewe, maana kosa la mwenzako ni mwalimu asiyedai mshahara.

KEKI ILIYOZAMA

Mwaka ule mtoto wetu wa kwanza alipopokea Komunyo, mke wangu alikuwa amesikia kwa mwenzake maneno haya: "Chukua mayai, siagi, sukari na unga, vyote sawasawa, upige, uoke." Basi alifanya hivyo. Alichukua kikombe cha unga, kikombe cha sukari na mayai manne. Na kwa kuwa siagi haikuwapo, alitia kikombe cha samli. Akaweka sufuria motoni, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Nikafunua mara moja kutazama. Ilikuwa imepanda hata kujaa sufuria, tukafurahi mno. Nikafunua mara ya pili, nikaona inatikisika. Mara ya tatu, katikati palikuwa pamezama kama shimo, na mafuta yakichuruzika pembeni.

Wageni walikula kwa adabu. Mtoto akaniuliza, "Baba, mbona keki yangu ina shimo?" Hakuna aliyecheka, nami sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata, zamu ya mtoto wa pili, nilikwenda kukopa fedha nikanunua keki mjini. Nikaipakata katika gari njia yote ya Matai, nayo ikafika imepasuka na kujaa vumbi. Ililiwa kwa muda wa nusu saa. Deni lake lilituandama mpaka mavuno ya maharage. Siku hizo chumvi na sabuni nyumbani mwetu vilipungua kwa ajili ya keki ambayo ladha yake tulikwisha kuisahau.

Mama yangu mzazi, akaaye nasi, hakusema neno mpaka deni lilipokwisha. Ndipo siku moja alipomwuliza mke wangu, "Mwanangu, ile keki yako ya kwanza, ulipima nini na nini?"

"Nilipima kikombe kwa kikombe, mama."

"Kopo la manyoya ya kuku na kopo la mchanga, je, ni mzigo mmoja?"

Mke wangu akanyamaza, nami nikanyamaza. Swali hilo ndilo lililotufungulia mlango.

ASILI YA KEKI HII

Jina la Ufaransa si geni katika nchi hii ya Wafipa, Walungu na Wamambwe. Mapadre Weupe, wa shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868, walifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na wengi wa wale wa kwanza walikuwa Wafaransa. Askofu Lechaptois, aliyefariki dunia huko Karema mwaka 1917, alizaliwa upande wa magharibi wa Ufaransa. Upande huohuo, katika jimbo la Bretagne, keki hii hupendwa kuliko mahali pengine pote.

Bretagne ni nchi ya mvua, majani na ng'ombe. Watu wa kusini mwa Ufaransa hupikia mafuta ya zeituni, lakini hawa wa magharibi hupikia siagi, tena siagi yenye chumvi. Jambo hilo lina sababu yake. Zamani wafalme wa Ufaransa walitoza kodi kubwa juu ya chumvi, hata maskini katika majimbo mengi wakaitumia kwa kuihesabu. Bretagne ilisamehewa kodi hiyo. Kwa hiyo watu wake walitia chumvi katika siagi bila hofu ili isioze upesi. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1790, walakini desturi ya siagi ya chumvi imebaki hata leo. Sisi tusistaajabu, kwa maana hapa petu pia watu walijua thamani ya chumvi tangu karne nyingi, wakiipika kwa kuchemsha maji yake huko Ivuna kando ya Ziwa Rukwa, na huko Uvinza.

Keki hiyo Wafaransa huiita quatre-quarts, maana yake robo nne. Robo ya kwanza ni mayai, ya pili siagi, ya tatu sukari, ya nne unga wa ngano. Zote nne zina uzito mmoja. Waingereza wana ndugu yake, nao huiita keki ya ratili, kwa kuwa walipima ratili moja ya kila kitu. Lakini desturi ya Wafaransa yatufaa zaidi sisi wenye kuku wachache, kwa sababu haianzi kwa ratili wala kwa kilo. Huanza kwa mayai uliyo nayo. Ukiwa na matatu, ni keki ya matatu. Ukiwa na sita, ni keki ya sita. Wayapima mayai, kisha vile vitatu vingine vyafuata uzito wake.

MIZANI YA KIJITI

Hapo ndipo tulipokosea. Kikombe ni kipimo cha ukubwa, si kipimo cha uzito. Kikombe cha mililita 250 hushika unga yapata gramu 130, sukari yapata gramu 200, na samli zaidi ya gramu 220. Basi mke wangu alipodhani ameweka vitu sawasawa, kumbe sukari na mafuta vilikuwa vingi kupita kiasi, na unga, ambao ndio nguzo ya nyumba, ulikuwa mchache. Nyumba isiyo na nguzo huanguka.

Asiye na mizani ya duka na ajitengenezee. Chukua kijiti kilichonyoka, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Tafuta katikati yake kwa kukipima kwa kamba, funga hapo uzi, ukining'inize mahali pasipo upepo. Kisha chukua makopo mawili yaliyo sawa, uyatundike kila moja mwisho wa kijiti, umbali sawasawa kutoka katikati. Kijiti kikilala sawa, mizani yako i tayari. Kikiinama, sogeza kamba ya kopo moja kidogo kidogo mpaka kilale sawa.

Lakini usiiamini bado. Tia mayai katika kopo la kuume na unga katika kopo la kushoto mpaka kijiti kilale sawa. Sasa badilisha: unga uende kuume, mayai yaende kushoto. Kijiti kikilala sawa tena, mizani yako yasema kweli. Kikiinama, ilikudanganya tangu mwanzo, kwa maana mkono wake mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Jaribio hili yafaa kulijua hata mtu aendapo sokoni, maana huku mpakani twanunua na kuuza kwa makopo na mizani za kila namna, na mtu anayejua kubadilisha pande hawezi kupunjwa kwa urahisi.

Mayai ya kuku wetu wa kienyeji ni madogo. Moja na ganda lake lina gramu 40 mpaka 45, wala hayalingani na yale makubwa ya kuku wa kisasa. Ndiyo sababu maneno "chukua mayai manne" hayatoshi. Yapime pamoja na maganda yake, kisha pima siagi, sukari na unga, kila kimoja peke yake, kwa mayai yale yale. Usivunje yai hata moja kabla ya kupima vyote vitatu!

SIAGI, SAMLI NA MAJARINI

Kosa la pili lilikuwa samli. Samli si siagi. Siagi ni mafuta ya maziwa yapata sehemu 82 katika mia, na maji yapata sehemu 16. Kinachobaki ni mabaki ya maziwa. Samli ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakakauka, basi ni mafuta matupu. Ukitia samli kwa uzito wa siagi, umezidisha mafuta na kupunguza maji, ndiyo maana keki yetu ilichuruzika. Asiye na siagi aweza kutumia samli, lakini kwa kila gramu 100 za siagi atie gramu 80 za samli iliyoganda na kijiko kikubwa kimoja na nusu cha maziwa.

Tena, kile tukiitacho siagi dukani mara nyingi ni majarini, iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Nayo asili yake ni Ufaransa: mwaka 1869 Bwana Hippolyte Mège-Mouriès aliivumbua, maana serikali ya Kaisari Napoleon III ilitaka kitu cha bei ndogo badala ya siagi. Majarini yafaa kuoka, lakini soma maandishi ya kopo, kwa sababu nyingine zina maji mengi nazo hufanya keki nzito. Harufu ya siagi hutaipata humo, na katika keki hii harufu ya siagi ndiyo utamu wenyewe.

Wenye ng'ombe wajitengenezee hivi. Chemsha maziwa kwanza, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba, ambayo humpata mtu kutoka kwa mnyama. Yapoze upesi, uyaweke katika chombo kipana chenye mfuniko usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi mafuta yamepanda juu. Yaondoe kwa kijiko, uyaweke katika kibuyu safi au chupa yenye mdomo mpana, usijaze kupita nusu. Sukasuka. Asubuhi za baridi za Juni na Julai katika uwanda wetu zafaa sana kwa kazi hii, kwa maana mafuta yenye joto hayashikamani. Baada ya nusu saa, au zaidi kidogo, utasikia sauti imebadilika, kama kitu kizito kinachogonga ndani. Mwaga maji yake, kisha osha siagi kwa maji safi ya baridi, ukiikanda kwa mwiko, mpaka maji yatoke meupe kabisa bila maziwa. Ukiacha maziwa ndani, itachacha. Mwisho tia chumvi kidogo.

Kwa gramu 180 za siagi utatumia maziwa lita nne mpaka tano. Hapa sharti niseme wazi, wazazi wenzangu: keki isile maziwa ya watoto. Maziwa yaliyoondolewa mafuta bado ni chakula chema. Yafaa kwa mtindi na kwa uji wa wakubwa. Bali mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe hayo badala ya maziwa kamili. Sisi hukusanya mafuta kidogo kidogo kwa siku tatu au nne, tukiyahifadhi mahali pa baridi, na kila siku watoto wapate fungu lao. Sikukuu haimtangulii mtoto mchanga.

UWANDA WETU U JUU

Jambo la tatu hatukulijua hata kidogo. Mji wa Sumbawanga u juu ya usawa wa bahari yapata mita 1,800, na uwanda wote wa Ufipa ni nchi ya juu. Mahali pa juu hewa ni nyepesi. Kule maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100 kama pwani. Na katika keki, vile vipovu vya hewa na mvuke, visipobanwa na hewa nzito ya nje, huvimba upesi kuliko desturi. Keki hupanda kabla unga na mayai havijashikamana. Kisha vipovu hupasuka, nayo huzama. Yule aliyeandika maelezo ya keki akiwa mjini Paris au Dar es Salaam hakukosea. Ila hakuwa akipikia hapa.

Basi walio uwandani wafanye mambo manne: wapunguze kijiko kikubwa kimoja cha sukari katika kila gramu 180, waongeze kijiko kimoja cha unga, watie vijiko viwili vya maziwa, na wasipige ute wa mayai mpaka ukawa mgumu mno. Walio chini ziwani, Kasanga au Kirando, ambako Ziwa Tanganyika li yapata mita 770 tu juu ya bahari, wafuate robo nne kama zilivyo.

NAMNA YA KUIPIKA

Kwa mayai manne ya kienyeji, yaani gramu 180 hivi, na siagi, sukari na unga kwa uzito uleule, pamoja na marekebisho niliyoyataja:

1. Siagi iwe laini, isiwe imeyeyuka. Iweke jikoni mapema, lakini mbali na moto.

2. Paka siagi sufuria ndogo ndani, nyunyiza unga, ukung'ute unaozidi.

3. Piga siagi na sukari kwa mwiko, upande mmoja, mpaka rangi igeuke kuwa nyeupe na mchanganyiko uwe mwepesi. Hii ni kazi ya robo saa, wala usiifupishe. Chembe za sukari zinapopita katika siagi huacha vijishimo vya hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayoinua keki, maana robo nne za asili hazina hamira wala beking pauda. Siku hizi nyumba nyingi za Ufaransa hutia beking pauda kidogo. Ukitaka, tia nusu kijiko kidogo tu. Hapa juu ikizidi itaangusha keki badala ya kuiinua.

4. Tenga viini na ute mweupe. Tia viini katika siagi kimoja kimoja, ukipiga kila mara. Ukitia vyote pamoja, siagi na maji vitaachana.

5. Chekecha unga, uutie polepole pamoja na chumvi kidogo, yale maziwa, na ganda la limau lililoparuzwa. Unga ukiisha kuingia, usipige tena kwa nguvu, keki isije ikawa ngumu kama mkate.

6. Piga ute mweupe kwa uma katika bakuli kavu lisilo na mafuta hata tone, mpaka ufanye povu jeupe ambalo ncha yake yainama ukiinua uma. Tia povu hilo katika mchanganyiko kwa mafungu matatu, ukigeuza kutoka chini kwenda juu kwa upole.

7. Mimina katika sufuria ndogo. Isipite theluthi mbili za kimo chake.

MOTO

Wazee wa nchi hii walikuwa mabingwa wa moto. Walijenga malungu, zile tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, zilizopita kimo cha mtu, ambazo hewa iliingia kwa matundu ya chini bila mvukuto. Magofu yake yangali yakionekana uwandani. Hawakuwa na kipimajoto. Walijua moto kwa rangi, kwa sauti na kwa saburi. Sisi wajukuu wao tusione haya kwa kuwa hatuna jiko la umeme.

Chukua sufuria kubwa nzito, tia mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili. Iweke juu ya makaa, uifunike, uiache robo saa ipate joto. Kisha jaribu hivi: nyunyiza unga kidogo juu ya kifuniko cha kopo, ukiweke ndani ya sufuria, ufunike. Ukigeuka rangi ya kahawia nyepesi baada ya dakika tano hivi, moto ni wa kadiri, yaani nyuzi 170 mpaka 180. Ukiungua mara moja, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza.

Weka sufuria ndogo juu ya mchanga, funika ile kubwa, kisha gawa makaa: theluthi moja chini na theluthi mbili juu ya mfuniko. Walio wengi huweka moto mwingi chini, nao hupata keki iliyoungua tako na kubaki mbichi kichwani. Tena, usifunue nusu saa nzima! Kila ufunuapo, joto hutoka, na keki ambayo haijashikamana huanguka. Mimi niliyefunua mara tatu nawaambia. Baada ya dakika 40 hivi chomeka kijiti chembamba katikati. Kikitoka kikavu, imeiva. Iache dakika kumi kabla ya kuitoa, na uikate ikiisha kupoa.

NDUGU ZAKE WAWILI

Aliyeiweza robo nne aweza pia ndugu zake. Wa kwanza ni madeleine, keki ndogo zenye umbo la kombe la baharini, zilizoupa sifa mji wa Commercy katika jimbo la Lorraine, mashariki mwa Ufaransa. Vitu vyake ni vilevile vinne, lakini siagi huyeyushwa kwanza ikapozwa, na mchanganyiko hupumzishwa mahali pa baridi saa kadhaa kabla ya kuokwa. Asiye na mabati ya umbo la kombe atumie vikopo vidogo vilivyopakwa siagi. Huiva kwa dakika kumi tu au zaidi kidogo, nazo zafaa sana kwa watoto.

Wa pili ni keki ya Bretagne yenyewe, gâteau breton, iliyo nzito na kavu. Humo hutiwa viini vya mayai peke yake, siagi nyingi ya chumvi, sukari na unga. Uso wake hupakwa kiini na kuchorwa mistari kwa uma. Hiyo hukaa siku nyingi bila kuharibika, nayo yavumilia safari. Mzazi mwenye mtoto katika shule ya bweni aifikirie.

KEKI YA TATU

Mtoto wetu wa tatu alipofikia siku yake, hatukukopa. Kijana mkubwa, yule wa keki yenye shimo, ndiye aliyepiga siagi na sukari, maana mikono yake ina nguvu. Mke wangu alipima, na mama akasimama karibu naye, akamwambia, "Badilisha makopo, mwanangu, tuone." Akabadilisha, kijiti kikalala sawa. Mimi nilipewa kazi ya moto, nikakatazwa kugusa mfuniko. Nawaambia kweli, nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya Pasaka.

Haikupanda juu sana kama ile ya kwanza. Lakini haikuzama. Uso wake ulipasuka mstari mmoja katikati, kama ilivyo desturi ya keki za namna hii, na harufu ya siagi na limau ilifika kwa jirani kabla ya mwaliko. Tulinunua sukari na unga tu. Mayai na maziwa yalikuwa yetu. Tuliikata vipande 16, na kila mtu aliyekuwapo alipata kimoja. Kile cha mwisho mtoto alimpelekea bibi yake mwenyewe, kwa mikono miwili, akapiga magoti.

Basi, wasomaji, jaribuni kwanza siku ya kawaida, kabla ya siku ya wageni, kwa mayai mawili tu. Na kama ya kwanza ikizama, msiitupe wala msiifiche. Ikateni vipande vyembamba, vikausheni polepole juu ya mchanga wa moto mpaka vilie vikivunjwa, mvile kwa chai. Halafu kaeni pamoja nyumba nzima mwulizane: Tulipima nini? Siagi yetu ilikuwa siagi? Na nani alifunua mfuniko?